Upatu wa Zamu za Kufulia

Kila mwaka, theluji ikianza kugeuka tope, simu huanza kuita. Shule fulani, manispaa fulani, kampuni fulani iliyotazama picha za wafanyakazi wake na kuona aibu kidogo: wote wanataka nije niwatie moyo wasichana wasomee uhandisi. Huwa nauliza kwanza kama kutakuwa na chakula, halafu nauliza kama kutakuwa na wasichana, kwa sababu nimewahi kufika kwenye ukumbi wenye mikate ya uduvi ya kulisha harusi na wasichana wawili, na mmoja wao alikuwa binti wa mwandaaji. Nikifika nasimama mbele ya bango la rangi nyingi, nasema mnaweza, wanapiga makofi, wananipa maua na mfuko wa kitambaa wenye maandishi. Mifuko hiyo ninayo ya kutosha kufungua kibanda. Bado sijakutana na binti aliyepata uhandisi wake kutoka kwenye mfuko. Siyasemi haya kwa uchungu. Nimechoka tu, kama anavyochoka mtu anayeitwa kila mara kuja kusifia nyumba ambayo mlango wake haufunguki.

Mwaka huu simu ya kwanza ya majira hayo haikutoka shuleni. Ilitoka kwa Riziki, ambaye nilimfahamu akiwa msichana mwembamba wa Bukavu mwenye daftari kwapani, na ambaye siku hizi anaendesha treni za abiria za hapa mjini. Huwa ananipigia akiwa mapumzikoni, akitafuna karoti sikioni mwangu. Siku hiyo hakuwa anatafuna. Akaniambia Anti Devota amefariki, figo zimekataa kabisa, na msiba uko Tumba, kwenye chumba cha chini ya kanisa. Nilikwenda. Dari lilikuwa fupi, viti vya plastiki vya kupandana, meza ndefu iliyotandikwa karatasi nyeupe, na harufu ya pilau imechanganyika na ya makoti yaliyolowa. Wakenya walikuwa wakibishana kwa Kiingereza kuhusu maegesho, wazee wa Kikongo wamevaa suti kutushinda sote, na kwenye kona wasichana wamekaa na simu zao, wakiwajibu mama zao kwa Kiswidi bila kuinua macho. Sijamaliza sahani, mwenyekiti wa kina mama akaniinamia. Kwa kuwa mabinti wamekusanyika, akasema, niwaambie maneno mawili kuhusu uhandisi, marehemu angefurahi. Nikamwambia ngoja nitafune kwanza. Nilijua marehemu asingefurahi. Marehemu alihutubia wasichana mara moja tu maishani mwake, nami nilikuwepo, na ilikuwa hotuba mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia, zikiwemo zangu.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa Jordbro, nje kidogo ya mji, kwa mama mdogo Agnes, kwenye nyumba ya vyumba vitatu kwa hesabu ya Kiswidi, maana wao hata sebule wanaihesabu. Mama mdogo na mumewe, Baba Joel, walikuwa na chumba chao. Joel na wadogo zake wawili walikuwa na chao. Mimi nililala sebuleni nyuma ya pazia la maua ambalo kila aliyepita kwenda msalani alilisukuma kidogo, si kwa ubaya, ila njia ilikuwa nyembamba. Meza ilikuwa moja, ya jikoni, na meza ile ilikuwa na kazi nyingi kuliko waziri. Asubuhi uji na mkate, jioni mazoezi ya shule ya watoto, halafu kabichi na nyama ya kukatwa, halafu Baba Joel na simu ya ndugu zake, sauti imefunguliwa mpaka mwisho ili nasi tusikie nani kaoa na nani kauza kiwanja. Alfajiri nilikuwa ghalani, kwenye eneo la viwanda la Jordbro, nikivuta maboksi kwenye rafu. Baadhi ya jioni nilikuwa shule ya watu wazima, kwenye kozi ya mwisho ya hisabati, ambayo bila hiyo chuo cha uhandisi hakihangaiki hata kulisoma jina lako. Kozi hiyo ilikuwa imeshanishinda mara moja.

Mama mdogo hakuwa na neno baya na hisabati. Alikuwa na kitu kizuri zaidi mkononi. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na bosi wake, baada ya kubembelezwa mwaka mzima, alikuwa amekubali kunipa nafasi: mafunzo ya kulipwa, na baada yake kazi ya kudumu. Maneno hayo, kazi ya kudumu, mama mdogo aliyatamka kama wengine wanavyotamka peponi. Tulipatana jikoni, yeye akikata kabichi, mimi nimeegemea jokofu. Alitaka nianze baada ya Krismasi. Mimi nikataka miaka miwili. Akacheka na kuendelea kukata. Nikashuka, akapanda, nikamkumbusha kwamba bosi mwenyewe anahitaji mtu wakati wa kiangazi, watu wakienda likizo, na hapo ndipo tukakutana: mtihani ni mwanzoni mwa Juni, nitaufanya mara moja. Nikifaulu, ataniacha niende ninakotaka. Nikifeli, kabla ya sikukuu ya Midsommar, mwishoni mwa Juni, nitavaa sare ya bluu ya wazee, na hisabati haitatajwa tena ndani ya nyumba ile. Nilitoka jikoni nimejiona mjanja. Usiku nyuma ya pazia nikayapitia tena yale mapatano, nikaona nimepunjwa: miezi nilikuwa nayo tele, lakini ndani yake hamkuwa na hata saa moja yenye meza.

Jumapili moja ya vuli chama cha wanawake wa Afrika Mashariki kilimwalika Anti Devota awatie moyo mabinti. Huyu alikuwa amekuja kutoka Tanzania miaka mingi nyuma, kama mwanafunzi wa mafunzo ya kazi kwenye kiwanda cha malori huko Södertälje, arudi baada ya mwaka. Hakurudi. Akasoma, akawa mhandisi wa upande wa giaboksi, na alikuwa ndiye mwanamke mhandisi pekee ambaye yeyote kati yetu alikuwa amemwona kwa macho. Alikuwa mfupi, ana koti la kiume, sauti ya chini kama anayeitunza isiishe. Akasimama, akatuambia kazi ni ngumu na mshahara ni mzuri. Akatuambia choo cha wanawake kitakuwa mbali, lakini kitakuwa kisafi, kwa sababu utakuwa unakitumia peke yako. Akakaa. Watu wakasubiri iendelee. Mama mmoja akauliza kama kwenye kazi hiyo mtu anapata mume. Anti Devota akasema wapo wengi mno, shida ni kuwasikiliza. Hapo kina mama wakaanza kulalamika kwamba wasichana wenyewe hawataki kujitahidi, wanashika simu, wanashika kioo. Yeye akatugeukia sisi na kuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: huwa mnakaa wapi mkisoma? Mmoja akasema kitandani. Mimi nikasema kwenye ngazi za jengo, mpaka taa inayojizima yenyewe ikinizimikia. Riziki, ambaye ndiyo kwanza nilikuwa namwona, akasema msalani, juu ya kifuniko, mpaka kaka zake wagonge. Mama yake akajifunika uso kwa kanga.

"Mimi moyo wa kugawa sina," Anti Devota akawaambia kina mama. "Nani ana meza?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, maktaba ilifungwa mapema, na kila nyumba ilikuwa na watu kuliko viti. Mama Riziki, kwa utani tu, akasema chumba pekee cha Jordbro ambacho hakuna mtu anayepiga kelele ni cha kufulia. Anti Devota akaweka kikombe chini. Yeyote aliyekaa nyumba za kupanga za nchi hii anajua chumba hicho, tvättstuga wanavyokiita: kiko chini ya jengo, kina mashine za kufua na chumba cha joto cha kukaushia, na pembeni chumba kidogo cha kukunjia nguo, chenye meza pana, taa kali na mlango. Kila nyumba ina kufuli lake dogo lenye namba, unalichomeka kwenye ubao wa siku na saa. Kufuli moja, zamu moja. Na kuna sheria: usipowasha mashine ndani ya nusu saa, zamu yako inakuwa ya yeyote. Anti Devota alilipanga pale pale, kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Kila Jumanne mama mmoja atachomeka kufuli lake kwenye zamu ya jioni. Wasichana watashuka na nguo za nyumba hiyo, watawasha mashine, sheria imetimia, na wakati nguo zinazunguka wao watakuwa mezani. Mama atabaki nyumbani kapumzika, na nguo zitarudi zimekunjwa. Hakuna anayepoteza, alisema, na akafunga mikono kama mtu anayefunga boneti. Tuliokuwa wa Tanzania tukauita upatu, Wakenya wakauita chama, Mama Riziki akauita likelemba, na mabishano ya jina yalichukua muda mrefu kuliko mpango wenyewe. Mama mdogo aliingia. Alisema anaingia kwa sababu ingekuwa aibu awe peke yake aliye nje.

Nikikumbuka majira yale ya baridi, nakumbuka joto. Nje giza limeingia tangu saa za chai, theluji imejaa kwenye dirisha dogo lililokuwa usawa wa ardhi, tunaona viatu tu vya wapita njia. Ndani ukuta unatetemeka taratibu mashine ikikamua, na chupa ya chai ya maziwa inapita mkono kwa mkono. Tulikuwa mimi, Riziki na mapacha wa Kiganda ambao hawakukubaliana jibu hata moja. Mama Riziki alituma sombe, kisamvu cha kwao, kwenye kopo la siagi na mikate migumu ya Kiswidi ya kuchovya, mchanganyiko ambao sijawahi kuuona mahali pengine na ambao mpaka leo nikiwa na mafua ndio ninaoutamani. Anti Devota alitoka kazini Södertälje, akabadilisha treni Älvsjö, akafika na koti lake la kiume akiwa tayari amechoka, na hakujifanya hajachoka. Hakutusifu. Ukipata jibu, alikuambia ulitafute tena kwa njia nyingine, kwa sababu jibu la njia moja kwake lilikuwa tetesi. Mimi nilikuwa tayari na tabia ya kuhesabu chenji mara mbili kabla sijaondoka dukani, kwa hiyo hapo tulielewana. Tusipoelewa alirudia maneno yale yale, polepole zaidi, akitazama mlango. Mara moja Riziki alimwuliza kama yeye aliwahi kutiwa moyo na mtu. Akafikiri. Akasema palikuwa na Mswidi mmoja kiwandani aliyemwambia kila siku kwamba hataweza, na kwamba ilimsaidia kidogo, lakini asingempendekezea mtu.

Mwezi wa kwanza wa mwaka tukakuta karatasi imebandikwa mlangoni, kwa herufi kubwa na heshima yote ya nchi hii, ikiwakumbusha WAHUSIKA kwamba chumba cha kufulia ni cha kufulia. Mapacha wakaanza kukusanya madaftari. Mimi nilimfuata msimamizi wa majengo ofisini kwake. Nilimwuliza kama mashine ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa. Kama zamu ilikuwa na kufuli halali. Lilikuwa halali. Kama kuna sheria inayosema mtu anayesubiri nguo zake asimame tu atazame ukuta. Akavua miwani. Alitaka tupunguze watu. Nikamwahidi kwamba tutafagia na kusafisha vichujio vya mashine zote, hata zisizo za kwetu, akakubali kabla hajamaliza kunisikiliza. Anti Devota aliposikia alisema kitu ambacho kwake kilikuwa shairi: kwamba vichujio vilihitaji kusafishwa kweli.

Riziki ndiye aliyeona. Alikuwa na tabia ya kukaa akitazama kioo cha mashine kama wengine wanavyotazama televisheni, na Jumanne moja akaita bila kugeuka.

"Hii maji iko safi," akasema. "Njooni muone. Tangu imeanza iko safi."

Tukaja. Maji yalikuwa meupe kama ya kunywa. Akasema hata wiki iliyopita yalikuwa hivyo, na ile ya kabla yake, alifikiri ni macho. Halafu tukakumbuka mambo ambayo kila mmoja alikuwa ameyaona peke yake: kwamba ile mifuko mikubwa ya bluu tuliyoshushia nguo ilikuwa mizito kuliko nguo kavu, kwamba chini ilikuwa na unyevu tuliodhani ni wa theluji, kwamba mashuka ya Mama Riziki yalinukia sabuni ya mche kabla hayajaingia popote. Nguo zilikuwa zinafuliwa kabla ya kuja kufuliwa. Hakuna mama hata mmoja aliyekuwa tayari watoto wa mwenzake waone shuka lake lenye doa au chupi ya mumewe iliyochoka. Kwa hiyo kila mama, zamu yake ilipokaribia, alijifungia bafuni akazifikicha zote kwa mkono ndani ya beseni, akazikamua, akazitia mfukoni mbichi, halafu akaziteremsha kwa mashine ili mashine nayo ifanye kazi yake ya kutupatia meza. Hawakuwa wameambizana. Kila mmoja aliamini ni yeye peke yake.

Riziki alitaka apande juu saa ile ile akamwambie mama yake aache. Anti Devota alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama kile kioo. Alisema, kana kwamba anasoma ripoti, kwamba kumbe amewaongezea kazi. Alikuwa ameupiga mpango wake hesabu kwa njia mbili, nao ulikuwa sawa kwa njia zote mbili. Kitu kimoja tu hakukiweka, na alikuwa amezaliwa Mwanza, amelelewa na mama wa aina ile ile, alipaswa kukijua. Akatukataza kusema. Tukiwaambia kwamba tunajua, alisema, ama aibu itaisha ama upatu utaisha, na yeye hakuweza kukisia kipi kitatangulia. Mashine ikiwa inazunguka, akaongeza, huingizi mkono. Tukarudi mezani. Siku hiyo hata mapacha hawakubishana.

Zamu ya kwetu ilikuwa ijayo. Mfuko wa kwetu mimi huwa naukuta umeshasimama mlangoni nikitoka kazini, na sikuwahi kujiuliza ulijazwa na nani, saa ngapi. Siku yake kompyuta za ghalani zilikufa, tukarudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Nilifungua mlango, nikavua viatu kama ilivyo desturi, nikasikia maji. Mlango wa bafuni ulikuwa wazi kidogo. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti kwenye taulo kando ya beseni la kuogea, mikono imo ndani mpaka viwiko, bado kavaa suruali ya kazini. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakuwa amelala. Baba Joel, ambaye aliendesha mabasi na siku hiyo alikuwa na zamu ya jioni, alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba chao na kikombe, amenipa mgongo.

"Agnes, hizo nguo si zinakwenda kwenye mashine?"

"Najua zinakokwenda."

"Sasa unazifulia nini?"

"Unataka mtoto wa Mama Riziki aione hii bukta yako?"

Baba Joel akanywa chai. Akauliza kama ile nafasi ya wazee bado ipo. Ipo, akajibiwa. Akauliza kama kweli mama mdogo anadhani Rehema atafaulu. Rehema ni mimi. Nilikuwa nimeshika viatu mkononi.

"Atafeli," mama mdogo akasema. "Ilishamshinda." Nikasikia kitu kizito kikikamuliwa. "Lakini akifeli, afeli hisabati yenyewe. Asije akasema alikosa pa kukaa."

Nilirudi nje taratibu, nikavaa viatu, nikashuka ngazi mpaka chini, nikapanda tena nikikanyaga kwa nguvu, nikafunga mlango kwa kishindo na kusalimu kwa sauti. Maji yalikuwa yamenyamaza. Mfuko ulikuwa umesimama mlangoni, na mama mdogo alikuwa jikoni ameegemea sinki, ananiuliza mbona mapema. Nilimsema sana moyoni mwaka ule, kwamba anasubiri nianguke. Alikuwa anasubiri, ni kweli. Ila wakati wa kusubiri alikuwa akipiga magoti.

Miaka mingi baadaye nilimwuliza kwenye simu. Amestaafu, amerudi Morogoro, baridi anasema ameiacha kwa wenye nayo. Nikamwuliza kuhusu zile nguo. Nguo gani, akasema. Nikamweleza. Akasema watoto mnapenda kuota, akanigeuzia habari ya bei ya vitunguu.

Kule Tumba, Riziki alikuja na kiti chake akakaa karibu yangu. Aliwahi kuanza chuo cha uhandisi nyuma yangu, akakaa miaka miwili, akachoka, akaondoka. Anasema kati yetu ni yeye pekee anayegusa mashine, mimi nagusa mikutano. Tuliwatazama wale wasichana wa kwenye kona. Nikamwuliza aliyekuwa karibu, kwa Kiswahili, huwa anasomea wapi. Akanijibu kwa Kiswidi, kwa adabu, kwamba huwa anasomea kwenye gari la baba yake likiwa limeegeshwa, na kwamba wakati wa baridi si rahisi kwa sababu baba hapendi injini iwake bure. Niliinuka nikamwambia mwenyekiti kwamba nitazungumza, ila na wazazi, na baada ya vyombo kuoshwa. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayeharibu msiba.

Mtihani wangu niliufanya mwanzoni mwa Juni ya mwaka ule, kwenye ukumbi wa michezo, madirisha yamefunguliwa, nje mtu anakata nyasi. Kila swali nililolijibu nililirudia kwa njia nyingine, kwa hiyo sikumaliza. Nilipata alama ya chini kabisa ya kufaulu. Nilirudi nayo nyumbani, mama mdogo alikuwa jikoni peke yake, akaniuliza kama alama ya chini ni alama. Nikamwambia ni alama. Akaniuliza kama nimeisoma mara mbili. Nikamwambia mara mbili. Hapo nikaona kitu ambacho sikukiona wakati tunapatana: chuo hakijibu mpaka Julai, na ile nafasi ya wazee ilikuwa inangoja mpaka Midsommar tu. Alama yangu ilikuwa inanifikisha mlangoni, hakuna aliyeahidi kunifungulia. Nilimwambia amwombe bosi asubiri kidogo, wiki chache. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mimi ninayetaka kupata vyote, na yeye ndiye aliyekataa. Mapatano yetu, akasema, hayakutaja Julai. Umefaulu, basi, nenda.

Akachukua simu akaenda nayo kwenye ujia, akarudisha mlango bila kuufunga. Kiswidi chake cha kazini kilikuwa laini kuliko yeye. Nilimsikia akishukuru, akiomba radhi, akishukuru tena, akisema msichana ana mipango mingine, anakwenda kusoma. Hakusema anataka kusoma. Halafu nikasikia sauti ya bosi mbali, ndogo kama ya mdudu. Kwenye nyumba ile kila mwenye mkono alikuwa na kitu alichotegemewa kuleta, na changu, cha kiangazi kile na cha miaka iliyofuata, kilikuwa kimeshawekwa kwenye hesabu. Mimi nilikuwa nimekisahau. Yeye hakukisahau.

"Na zile zamu alizopangiwa za mwisho wa wiki?" akauliza. "Hazijapata mtu?" Akasikiliza. "Basi nipeni mimi."

Alirudi jikoni, akafungua kabati, akatoa kopo la mchele akalitikisa kuona kimebaki kiasi gani.

"Jumamosi sipo," akasema. "Wali utapika wewe. Na usiuunguze, injinia."

Niliuunguza. Baba Joel alikula, wadogo wakanywa maji mengi, Joel akaomba aongezewe ukoko. Mama mdogo alirudi jioni, mikono inanukia sabuni ya wazee, akakuta sufuria juu ya jiko na mimi pembeni yake. Akakwangua kilichobaki kwa kijiko, akala amesimama, koti bado mwilini. Alipomaliza akaniuliza kama na kesho nitaweza kupika.